Vinia za Mafinga na upinde wa matabaka: ubao upi uende wapi

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni seremala, nina karakana ndogo hapa Mafinga. Kikundi chetu cha ngoma kimeniagiza pinde sita za kulengea shabaha, za kuvutwa kweli, siyo za kushika tu uwanjani. Nimeona kwenye simu kwamba pinde za siku hizi zinatengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Huku kwetu vinia, zile karatasi za mbao za kiwandani, na vipande vya plaiwudi vimejaa, navipata kwa bei ya kutupa. Nilibandika vinia kumi za paini, upinde ukapasuka mgongoni nilipouvuta mara ya tatu. Tatizo ni gundi au ni mbao? Na katika mbao za huku kwetu, nitumie zipi?"

Marahaba, kijana wangu. Pole kwa upinde, na nashukuru kusikia umepasuka bila kukuumiza jicho.

Naanza na swali lako la kwanza, maana jibu lake unalo hapo karakanani. Chukua vile vipande vilivyopasuka, uvipeleke mlangoni penye mwanga. Angalia pale tabaka mbili zilipoachana. Ukiona uso unang'aa, laini, gundi imebaki upande mmoja na upande wa pili ubao uko safi, basi gundi ndiyo iliyoachia. Ukiona vinywele vya mbao vimeng'oka na kushikana na gundi pande zote mbili, gundi ilifanya kazi yake, ubao ndio ulioshindwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, umepasukia mgongoni, na haraka namna hiyo, nadhani utakuta vinywele. Ni mbao.

Ila kabla ya kuilaumu paini, nikuambie jambo moja kuhusu hizo picha za kwenye simu. Pinde nyingi za matabaka unazoziona zikitengenezwa Marekani na Ulaya zimefunikwa na ukanda wa faibaglasi mgongoni na mwingine tumboni, kila mmoja una unene wa milimita moja hivi. Ukishapakwa vanishi, ukanda ule hauonekani. Unaona ubao mzuri chini yake ukadhani ubao ndio unaofanya kazi. Kazi kubwa inafanywa na faibaglasi. Ubao wa katikati ni wa kuzitenganisha zile kanda mbili na kuupa upinde umbo. Ndiyo maana wenzetu wale wanaweza kuweka katikati ubao mwepesi na usivunjike. Wewe uliiga kiini chao ukaacha ngozi yao.

Upinde ukivutwa, upande unaotazama shabaha, ambao sisi tunauita mgongo, unanyooshwa. Nyuzi zake zinavutwa kama kamba. Upande unaokutazama wewe, tumbo, unabanwa. Nyuzi zake zinasukumana. Katikati pana mahali ambapo hakuna kuvutwa wala kubanwa, nyuzi zinateleza tu kidogo zikiburutana. Ukipiga hesabu ya ukinzani wa ubao, nusu ya unene iliyo katikati inachangia sehemu moja tu kati ya nane. Sehemu saba zinabebwa na robo ya nje ya mgongo na robo ya nje ya tumbo. Kwa hiyo ukiniuliza "mbao gani?" nami nitakuuliza, "ya kukaa wapi?" Ubao wa katikati unaweza kuwa wa kawaida ilimradi umenyooka. Wa mgongo na wa tumbo ndio wa kuchagua kwa jicho kali, na haufanani mmoja na mwenzake.

Sasa vinia. Umewahi kuingia kiwandani ukaona gogo linavyomenywa? Gogo linazungushwa kwenye mashine, kisu kirefu kinalikandamiza, na karatasi ya mbao inatoka kama mkeka unaokunjuliwa. Ile karatasi ilikuwa imepinda ndani ya mti, ikalazimishwa kunyooka, kwa hiyo upande mmoja unajaa nyufa ndogo ndogo. Chukua kipande uikunje kidogo kwa vidole kwa upana wake: ukikunja upande huu kinagoma, ukikunja upande wa pili kinafunguka kirahisi na unaviona vimistari. Hizo nyufa zinakwenda na urefu wa nyuzi, hivyo peke yake hazikati upinde, lakini zinaufanya ubao upasuke kwa urefu. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kisu hakifuati nyuzi. Gogo la paini lina shina nene na ncha nyembamba, na kisu kinakwenda sambamba na mhimili wa mashine. Kila baada ya sentimita kadhaa nyuzi zinajitokeza juu ya uso na kuishia hewani. Mgongo wa upinde wenye nyuzi zilizokatika ni kamba iliyochanwa nusu. Ongeza na hili: paini ya mashamba ya Sao Hill imekua haraka, duara zake za mwaka ni pana, na karibu na moyo wa gogo ubao ni mwororo wenye vifundo vingi. Ubao huo unafaa sana kwa paa na fremu. Mgongo wa upinde hauufai.

Plaiwudi usiifikirie kabisa kwa mikono ya upinde, yaani zile sehemu mbili zinazojikunja juu na chini ya mshikio. Tabaka zake zimepishana, moja kwa urefu, inayofuata kwa upana. Zile za upana zikivutwa hazina nguvu, ni kama kuvuta mkeka kwa upande ambao ukindu haukusukwa. Lakini usivitupe vipande vyako. Gundisha vitatu au vinne vya milimita 18 pamoja, vikate kwa umbo la upinde, uvinyooshe kwa randa, upake nta juu: hiyo ndiyo kalibu yako ya kubandikia. Sijaona kitu kizuri kuliko plaiwudi kwa kalibu, kwa sababu haipindi kirahisi.

Tuje mgongoni. Kwa mtu wa Iringa na Njombe jibu langu ni mwanzi, na sitafuti jibu jingine. Nyuzi za mwanzi zimesongamana zaidi karibu na ganda la nje, yaani mahali hasa panapovutwa zaidi, na zinakwenda kutoka pingili hadi pingili bila kukatwa na msumeno. Wajapani wametengeneza pinde zao ndefu, za zaidi ya mita mbili, kwa mwanzi mgongoni na mwanzi tumboni, katikati wakiweka mbao na fito, kwa karne nyingi kabla ya gundi za dukani.

Tatizo la mianzi yetu ya ulanzi ni wembamba wake. Hapa nataka uchukue rula ufuatane nami. Ubale wa mwanzi una mgongo wa duara. Ukiusawazisha ndani kwa randa, katikati unabaki mnene na kingo zinakwisha. Mwanzi wenye kipenyo cha sentimita 10, ukichana ubale wa milimita 35 kwa upana, katikati utakuwa na unene wa milimita 3 na kidogo pale kingo zinapofikia sifuri. Hapo ni pazuri. Lakini mwanzi wa sentimita 7, ambao ndio utaupata kwa wagema wengi, kwa upana ule ule utakupa karibu milimita 5 katikati. Hiyo ni nene mno. Punguza upana uwe milimita 25, na unene unashuka hadi milimita 2 na robo hivi. Kwa hiyo mwanzi wetu wenyewe ndio unaokuamulia umbo: upinde mwembamba na mrefu. Kama unataka upinde mpana, tafuta mianzi minene ya mabondeni, ile ya kijani au ya manjano inayopandwa kando ya mito.

Usichukue mwanzi uliogemwa. Ule umekatwa ncha ukiwa mchanga na haukukomaa sawasawa. Nenda kwa wanaosuka matenga ya nyanya, wanajua mwanzi upi unachanika umenyooka, mikono yao imeshachana maelfu. Waambie unataka wa miaka mitatu au zaidi: ule uliopoteza unga wake mweupe, umeanza kuwa na madoa ya ukungu mkavu, na ukiugonga kwa kisu unalia mkavu. Ukatwe kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakati utomvu wenye sukari umepungua, la sivyo utabunguliwa na wadudu ukiwa umeutundika. Kwenye vifundo, kwangua kile kinundu kidogo kidogo kwa kipande cha kioo au ubapa wa kisu mpaka kilale, ukaishie hapo. Ukikata ndani ya kifundo umekata mgongo.

Sasa sikia kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kuchagua tumbo. Upinde wangu wa kwanza wa mwanzi niliubandika kwenye mvule. Ubao mzuri, nilioupenda kwa rangi. Mwanzi niliuacha na unene wa milimita 5, nikifikiri mgongo wenye nguvu ni upinde wenye nguvu. Haukuvunjika. Baada ya siku mbili za kurusha ulibaki umepinda hata ukiwa umetolewa upote, yaani kamba yake, na nilipoupeleka juani niliona tumboni vimistari vyembamba vimekatiza, kama makunyanzi juu ya kiganja. Nyuzi za tumbo zilikuwa zimepondeka. Mwanzi ulikuwa na nguvu kuliko tumbo, ukaliponda. Tangu siku hiyo sisemi ubao huu ni mzuri au mbaya kabla sijajua umeoana na nini. Mgongo wa mwanzi unataka tumbo gumu, zito, linalokubali kubanwa na kurudi.

Waingereza wa zamani walipata ndoa hiyo ndani ya mti mmoja. Mti wao, unaoitwa "yew" kwa Kiingereza, una ubao mweupe wa nje unaovumilia kuvutwa na ubao mwekundu wa ndani unaovumilia kubanwa. Walikuwa wanachonga fimbo yenye vyote viwili. Katika meli ya kivita ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zilikutwa pinde nzima 137 za namna hiyo. Sisi hatuna mti huo, ndiyo maana tunabandika.

Kwa tumbo, ningekuwa wewe, ningeanza na muwati. Njombe imejaa miwati tangu kampuni ya kukamua dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama kutoka kwenye magamba yake ilipoanza mashamba yake mwaka 1949, na gogo lake linauzwa kama kuni na nguzo, kwa hiyo bei si tatizo. Ni ubao mzito na mgumu kuvunjika. Nunua gogo bichi lililonyooka, nene kama paja, lisilo na matawi kwa mita mbili. Usilipeleke moja kwa moja kwenye msumeno. Lipasue kwanza kwa kabari. Likipasuka limejipinda kama kamba, liache liwe kuni, hakuna fundi atakayelinyoosha. Likipasuka limenyooka, paka rangi au nta kwenye vichwa vyake viwili ili visipasuke, ndipo uchane mbao zako sambamba na ule uso uliopasuka. Kabari inafuata nyuzi, msumeno unafuata mstari wako wa penseli. Hii ni hatua ambayo maseremala wanairuka kwa haraka, kisha wanakuja kulaumu aina ya mti.

Mlingoti, yaani mkaratusi, nao unafaa tumboni, lakini ni mti wenye hasira. Magogo yake yana mkazo ndani, ukichana yanajikunja mbele ya macho yako, na nyuzi zake mara nyingi zimejizungusha. Katika mbao kumi huenda ukapata mbili. Msaji kutoka Kilombero unatulia vizuri na haubadiliki na unyevu, ila hauna uvumilivu mkubwa. Upe upana zaidi. Mninga naupenda kwa mshikio na kwa kiini, kwa sababu unakaa vile ulivyouacha, mvua na kiangazi. Tumboni nyuzi zake zimepishana mno. Mpingo uweke kwenye ncha tu, kipande cha milimita chache pale upote unapokaa: ni mgumu, hauchimbwi na kamba, lakini ni mzito, na uzito ukikaa mwishoni mwa mkono wa upinde unaula mwendo wa mshale.

Na kama unakutana na ubao usioujua jina, uliza kijijini wanatumia mti gani kwa mpini wa shoka. Mpini unapigwa, unapindwa, unarudi. Mti uliopita mtihani huo una haki ya kujaribiwa kwenye upinde. Huko kwenye nchi kavu zaidi watu wametumia jamii ya mkole kwa pinde na mishale tangu zamani, fimbo nzima iliyomenywa gamba tu, bila gundi yoyote, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi mpaka leo wanawinda kwa pinde za fimbo moja. Usidhani upinde wa matabaka umeushinda ule. Tunabandika kwa sababu fimbo iliyonyooka ya mita mbili ni ngumu kupata, na mbao zipo.

Usiniamini mimi wala mtu mwingine kwa jina la mti. Pima. Chonga ubale wa sentimita 30, upana milimita 10, unene milimita 5. Uweke juu ya matofali mawili yaliyoachana sentimita 25, utundike ndoo katikati, umimine maji lita moja moja. Lita ni kilo, hivyo huhitaji mizani, ongeza tu uzito wa ndoo. Ubao unaofaa utabeba kilo saba au zaidi kabla ya kukatika. Ukikatika kwenye nne, huo ni wa fremu ya dirisha. Kabla haujakatika, kwenye kilo nne au tano, toa ndoo, uone kama unarudi kunyooka. Unaobaki umepinda utakubakia umepinda kwenye upinde pia. Kisha uvunje makusudi, uangalie jeraha. Ukikatika kama muhogo mkavu, wima na safi, uache. Ukichanika vipande virefu vyenye ncha, vinavyong'ang'aniana, umepata.

Unyevu ni mahali ambapo nyanda zetu zinawaponza wengi. Ubao wa upinde unataka kukauka mpaka unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Wakati wa mvua, hewa ikiwa imejaa maji kwa asilimia 80, ubao uliokaa kibarazani utatulia kwenye asilimia 16 hivi, hata uukaushe mwaka mzima. Ukiubandika hivyo, tumbo litajikunja mapema. Weka mbale zako darini juu ya jiko kwa miezi, kisha pima uzito wa kila moja kila wiki na uandike kwa penseli juu yake. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, zimekauka kadiri zitakavyokauka hapo. Bandika Agosti au Septemba, usibandike Februari.

Gundi nyeupe ya bei rahisi inateleza taratibu ikiwa ndani ya mvutano wa kudumu, na upinde uliotiwa upote ni mvutano wa kudumu. Tumia gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Uipime kwa mizani, usiikadirie kwa macho. Kwaruza nyuso kwa msasa mkali, na kama ni msaji au mninga, wenye mafuta, futa kwa spiriti na ubandike saa hiyo hiyo. Funga kwa kanda za tyubu ya baiskeli, zizungushwe zikiwa zimevutwa, ila usiikamue gundi yote ikatoka. Hii inahitaji kubaki tabaka jembamba. Baridi ya Mafinga ya usiku itaifanya isishike vizuri, kwa hiyo tengeneza sanduku la mbao, weka ndani balbu mbili za zamani, zile zinazotoa joto, upinde ukae humo kwenye joto la nyuzijoto 40 hivi mpaka asubuhi.

Kuhusu hizo sita za kikundi, tengeneza ya kwanza hivi: urefu mita 1 na sentimita 75, upana milimita 26 katikati ya mkono ukipungua hadi 12 kwenye ncha, mwanzi mgongoni wa milimita 2 hadi 3, muwati tumboni wa milimita 14 karibu na mshikio ukishuka hadi 9 karibu na ncha, kipande cha mninga kwenye mshikio. Lenga kuvuta kilo 16 kwa mvuto wa sentimita 70. Inatosha kwa shabaha na haitamtesa anayejifunza. Utakuta mwanzoni ni mgumu zaidi ya hapo. Punguza tumboni tu, kamwe usiguse mgongo, na upunguze kwa kukwangua, kwa sababu unene una nguvu kuliko unavyodhani: ubao wa milimita 12 ukiupunguza uwe 11 umepoteza karibu robo ya ugumu wake. Pima kila sentimita 10 kwa kalipa. Tofauti ya nusu milimita kati ya mkono wa juu na wa chini utaiona kwa macho upinde ukijikunja upande mmoja.

Mambo mawili ya sheria, maana mnaishi karibu na misitu na hifadhi. Mianzi ya milimani ndani ya misitu ya hifadhi na mbao za asili kama mninga zina vibali vyake vya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Nunua penye risiti. Na waambie vijana wa kikundi kwamba kuwinda bila leseni ni kosa, na kuingia na upinde hifadhini kama Ruaha au Kitulo bila kibali ni kosa pia, hata kama ni wa ngoma.

Ukishabandika, acha kipande cha sentimita 20 kutoka kila upinde, cha mwanzi na muwati vikiwa vimegundishwa pamoja, ukiandike namba ya upinde wake. Kesho yake kipasue kwa patasi kwenye mstari wa gundi. Ubao ukichanika, endelea na kazi. Gundi ikiachia, upinde wenye namba hiyo usiutie upote, na usimpe mtu auvute. Nitumie picha ya jeraha la ule wa vinia, ya mgongoni na ya ubavuni, nione nyuzi zilivyoishia.